Tamthiliya Kitabuni na Tamthiliya Jukwaani: Mapitio ya Vitabu vya Utunzi wa Maonyesho

Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu siku hizo swali la nini hasa ni sanaa yetu ya maonyesho limekuwa likiulizwa viwanjani, madarasani na vitabuni. Ngoma zilirudishiwa heshima yake. Tamthiliya za Kiswahili ziliandikwa, zikachezwa na kuchapishwa, na shule za sekondari zikazitia katika orodha ya vitabu vya kusomwa. Kwa upande huo hatuna sababu ya kuona haya. Lakini ipo rafu nyingine ambayo aghalabu hatuikumbuki, nayo ni rafu ya vitabu vinavyozungumza juu ya tamthiliya na filamu: jinsi zinavyotungwa, jinsi zinavyochezwa na jinsi zinavyopaswa kuhakikiwa.

Makala haya yanakusudia kuichungua rafu hiyo. Hayatajaribu kutaja kila kitabu kilichomo, kwani orodha si uhakiki. Yatachagua vitabu vichache, vya kwetu na vya wageni, na kuvipima kwa swali moja tu: je, kitabu hiki kinamweka wapi mtazamaji? Ni imani ya mwandishi kwamba swali hilo, ingawa linaonekana dogo, ndilo linalotenganisha kitabu kinachomsaidia mwalimu na mtunzi na kile kinachowaongezea istilahi za kukariri.

Darasa moja

Kabla ya kuingia vitabuni, hebu tuanze darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kusikiliza kipindi cha fasihi katika shule moja ya sekondari. Somo lilikuwa Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Wanafunzi walikuwa hodari. Walitaja dhamira saba bila kurudia hata moja. Waliwagawa wahusika wakuu na wadogo. Walieleza kwamba Vita vya Maji Maji vilipiganwa kati ya mwaka 1905 na 1907. Mwalimu akauliza kama Kinjeketile ni shujaa. Mikono yote ikainuka, na jibu likawa moja: ni shujaa kwa sababu aliunganisha makabila. Jibu hilo, kama nilivyokuja kufahamu baadaye, lilikuwa limeandikwa ubaoni wiki iliyotangulia.

Ndipo mwalimu alipowaita vijana wawili mbele ya darasa. Akawafunga mikono kwa kamba nyembamba, akawaambia wasome sehemu ya mwisho, pale Kinjeketile na Kitunda wakiwa kifungoni, na Kinjeketile anashawishiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kijana aliyepewa nafasi ya Kitunda alisoma mistari miwili, akanyamaza. Kisha akauliza, “Mwalimu, nimtazame au nisimtazame?”

Darasa zima likatulia. Hapakuwa na jibu la kusoma kitabuni. Msichana mmoja akasema kwamba Kitunda hawezi kumtazama mwenzake, maana anaona aibu kwa hilo analomwomba. Mwingine akapinga: lazima amtazame, kwa sababu anataka kujua kama bado anayaamini maji. Wakajaribu njia zote mbili, na kila moja ikatoa maana yake. Kinjeketile alipokataa, kwa hoja kwamba kukiri hivyo kungewaambia watoto na wajukuu kuwa vita vyenyewe vilikuwa kosa, hapana aliyecheka wala kunong’ona. Swali la ushujaa liliporudi, mikono iliyoinuka ilikuwa michache, tena iliinuka polepole. Wengine wangesema darasa lilikuwa limerudi nyuma. Mimi naona lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kusoma tamthiliya.

Kisa hiki ndicho kiini cha makala haya. Dhamira saba za ubaoni hazikuwa za uongo. Kasoro yake ni kwamba zingeweza kutolewa katika riwaya, katika hotuba au katika kitabu cha historia. Swali la yule kijana halingeweza kuulizwa mahali pengine popote ila katika tamthiliya. Kwa hiyo yafaa tujiulize: ni vitabu gani vinavyotufundisha kuuliza maswali ya aina hiyo?

Walimu wa mbali

Desturi ni kuanza na Aristotle, Mgiriki aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliyeandika kitabu kidogo kiitwacho Poetics. Humo aliitazama tanzia ya Wagiriki akaigawa katika viungo sita: msuko wa matukio, wahusika, mawazo, lugha, wimbo, na yale yanayoonekana kwa macho. Msuko aliuweka mbele ya vyote. Yale yanayoonekana akayaweka nyuma.

Mambo mawili yanatupasa kuyakumbuka juu ya kitabu hicho. Kwanza, kilikuja baada ya tamthiliya, wala si kabla yake. Aeschylus, Sophocles na Euripides walikuwa wamekwisha kufa Aristotle alipoandika. Yeye hakuwapa sheria. Alizitazama kazi zao akatafuta siri ya nguvu yake. Mwanafunzi anayedhani kwamba tamthiliya huzaliwa kutokana na kanuni amelitia gari mbele ya punda. Pili, Aristotle aliipima tanzia kwa huruma na hofu inayoamshwa kwa watu. Yaani, mtazamaji yumo ndani ya nadharia yake. Lakini hapo hapo akaongeza kwamba nguvu ya tanzia yaweza kupatikana hata bila maonyesho wala wachezaji. Kauli hiyo imetuletea hasara. Karne nyingi baadaye shule zimeichukua kama ruhusa ya kuketi na kusoma, na kulisahau jukwaa.

Mwalimu wa pili wa mbali ni Bertolt Brecht, Mjerumani. Katika maandishi yake juu ya thieta, hasa yale ya mwaka 1948, aliikataa desturi ya kumlevya mtazamaji kwa huzuni hata akaondoka ukumbini amechoka kwa machozi bila kufikiri lolote. Alitaka mtazamaji aone jambo alilolizoea kana kwamba ni geni, ili aulize kwa nini liko hivyo na kama haliwezi kuwa vingine. Brecht si mgeni kabisa kwetu. Ebrahim Hussein alisoma katika Ujerumani ya Mashariki, akaandika Berlin tasnifu yake juu ya maendeleo ya thieta katika Afrika ya Mashariki, katikati ya miaka ya 1970. Wahakiki wengi wameona kivuli cha Brecht katika tamthiliya zake. Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba msimulizi anayesimama jukwaani na kuzungumza na watu ni zao la Ujerumani. Bibi anayesimulia hadithi jioni, akaikatiza ili kumuuliza mjukuu angefanya nini, amekuwa akifanya hivyo bila kulisikia jina la Brecht.

Mwalimu wa tatu ni wa sinema. Mwaka 1979 Mmarekani Syd Field alichapisha kitabu kiitwacho Screenplay, ambacho kimesomwa sana na watu wanaotaka kuandika filamu. Kanuni yake ni rahisi kukumbuka. Ukurasa mmoja wa mswada ni sawa na dakika moja ya filamu. Mswada wa kurasa 120 umegawanyika katika sehemu tatu: kurasa 30 za kutambulisha, kurasa 60 za mapambano, na kurasa 30 za kumaliza. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza na ya pili hapana budi litokee jambo la kuigeuza hadithi.

Kitabu hicho kina manufaa yake. Kinamfundisha mtunzi kuhesabu muda, na muda ndio uti wa mgongo wa sinema. Lakini mwalimu wa kwetu akikitumia, na aseme wazi kwamba kipimo hicho kimetoka katika viwanda vya filamu vya Hollywood, ambako urefu wa filamu huamuliwa pia na biashara ya majumba ya sinema. Ngano zetu nyingi hazina sehemu tatu. Zinakwenda kwa kurudia: ndugu wa kwanza anafika mtoni na kuimba, wa pili anafika na kuimba, wa tatu anafika na kuimba, na wimbo ule ule unabadilika maana kila unaporudi. Mtu anayeukata wimbo ili kuokoa kurasa ameikata hadithi yenyewe. Kanuni ya Field ni kamba ya kupimia. Anayeitumia sharti ajue imefumwa wapi.

Kitabu cha nyumbani

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1976 Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Kitabu hiki kimekuwa nguzo ya ufundishaji kwa miaka mingi, na walimu wengi wamepata kwacho istilahi wanazotumia hadi leo. Waandishi wake hawakuzungumza kutoka pembeni. Muhando alikuwa amekwisha kuandika Hatia, Tambueni Haki Zetu na Heshima Yangu, na Balisidya naye alikuwa mtunzi.

Mchango mkubwa wa kitabu hiki ni namna kilivyoijibu hoja ya kikoloni kwamba Waafrika hawakuwa na drama hadi walipoletewa. Badala ya kubishana juu ya neno, kiliuliza ni vitu gani vinavyofanya onyesho liwe onyesho, kikavitaja vinne: jambo linalotendwa, mtu wa kulitenda, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Mtu akishakubali hayo manne, hawezi tena kuudharau uwanja wa ngoma, usimuliaji wa hadithi, majigambo au mafunzo ya jando na unyago, kwa kisingizio kwamba hayana pazia wala viti vya kulipia.

Tutazame vizuri kitu cha nne. Aristotle alimtaja mtazamaji kwa njia ya hofu na huruma zake. Muhando na Balisidya wamemtaja mwenyewe, wakamfanya mmoja wa wenye mali. Bila yeye, kinachobaki ni mazoezi. Nathubutu kusema kwamba jambo hilo lina thamani kuliko istilahi nyingi zilizofuata, na kwamba hatujalitumia kikamilifu katika shule zetu. Tunamfundisha mwanafunzi avitaje vile vitu vinne katika mtihani. Kisha tunampa tamthiliya aisome peke yake kimya kimya, mahali ambapo vitu vitatu kati ya hivyo vinne havipo.

Hata hivyo sifa isituzuie kusema mapungufu. La kwanza ni kwamba mipaka ya sanaa za maonyesho, ikipanuliwa mno, inaweza kupoteza kazi yake. Ikiwa arusi ni onyesho, na tambiko ni onyesho, na majigambo ni onyesho, basi mwanafunzi anapaswa kuambiwa pia ni nini kinachoitofautisha tamthiliya na hayo. Katika tambiko, anayeomba mvua anaitaka mvua kwelikweli. Katika tamthiliya, mchezaji na mtazamaji wamekubaliana kimoyomoyo kwamba mvua haitakuja, na bado wanasikia kiu. Tofauti hiyo si ya daraja, kana kwamba kimoja ni bora kuliko kingine. Ni tofauti ya mapatano. Pungufu la pili ni kwamba kitabu hiki kinatufundisha kuitambua sanaa ya maonyesho, lakini si mwongozo wa kuitunga. Hilo si kosa la waandishi, kwani hawakuahidi hivyo. Ni deni walilotuachia sisi tuliofuata.

Tamthiliya kama walimu

Mtu anayetafuta mwongozo wa utunzi kwa Kiswahili hatakosa pa kwenda, ikiwa atakubali kuzisoma tamthiliya zenyewe kwa jicho la fundi. Hata historia inatuelekeza huko. Nakupenda Lakini… ya Henry Kuria ilichezwa katika Alliance High School, Kikuyu, mwaka 1954, kisha ikachapishwa mwaka 1957. Kitabu kilitoka jukwaani, tena jukwaa la shule.

Tuchukue Mashetani ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1971. Tunaanza na Shetani na Binadamu chini ya mbuyu. Baadaye tunatambua kwamba ulikuwa mchezo wa vijana wawili, Juma na Kitaru. Katika ukurasa, jambo hili huitwa mchezo ndani ya mchezo, na mwanafunzi hulikariri kama mbinu. Lakini kwa mtazamaji ni zaidi ya mbinu. Alikubali kwamba yule ni shetani, kisha anaonyeshwa kwamba alikuwa kijana wa kawaida aliyevaa ushetani. Tangu hapo hataacha kujiuliza, kila mtu mpya anapoingia, kama naye amevaa kitu. Hilo ndilo somo la utunzi: funzo la tamthiliya nzima limepandwa katika macho ya mtazamaji kabla hajaambiwa lolote.

Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, za mwaka 1976, zinafundisha jambo jingine. Hapa Hussein aliweka mchezaji mmoja tu, akaegemea mtindo wa ngano. Mwalimu asiye na maleba, taa wala ukumbi, asiseme tena kwamba hana vifaa. Mtu mmoja, sauti yake na watu wa kumwitikia wanatosha. Naye Penina Muhando katika Nguzo Mama, ya mwaka 1982, anawaleta wanawake wa kijiji cha Patata wanaojaribu kuisimamisha nguzo, huku Bi Msimulizi akituongoza. Msomaji wa kimya husema haraka kwamba nguzo ni ishara ya ukombozi wa wanawake, akafunga kitabu. Mtazamaji hana haraka hiyo. Anaiona nguzo imelala. Anaona mikono inayoishika na mikono inayoiacha. Uzito wa jambo ameuona kabla ya kuambiwa maana yake.

Mfano wa mwisho ni Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, ya mwaka 1988. Ngoswe amekuja kijijini kuhesabu watu, akanaswa na mapenzi ya Mazoea, na mwisho Mitomingi, baba wa binti, anazichoma karatasi za hesabu. Mwalimu awaulize wanafunzi hivi: karatasi hizo ziwe wapi tangu Ngoswe anapoingia? Ziwe mkononi au mkobani? Anapoanza kumtazama Mazoea, anaziweka wapi? Mtazamaji aliyeziona zikishikwa kwa heshima mwanzoni, kisha zikiachwa ovyo, ataelewa uzembe bila neno hilo kutamkwa. Na moto utakapowaka, kitakachoungua machoni pake ni kazi aliyoiona ikifanywa. Mtunzi wa tamthiliya anafikiri kwa vitu, kwa mahali na kwa mwili, kisha ndipo anafikiri kwa maneno. Kitabu cha utunzi kisichosema hivyo kimeacha nusu ya somo.

Sinema bila mswada

Katika sinema mambo ni magumu zaidi, na historia yake inaumiza kidogo. Kitabu cha mapema kilichoandikwa kutokana na utengenezaji wa filamu katika nchi yetu ni The African and the Cinema, cha L. A. Notcutt na G. C. Latham, kilichotoka mwaka 1937. Waandishi hao waliendesha mradi wa filamu za mafunzo huko Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, wakatengeneza filamu 35 hivi juu ya kilimo, afya na mambo mengine. Wachezaji walikuwa Waafrika, mandhari ilikuwa ya kwetu. Mawazo ya mswada yalikuwa ya wageni, na kitabu kiliandikwa kwa ajili ya wageni wenzao.

Tukikipima kitabu hicho kwa swali letu, jibu ni la ajabu. Kwa hakika kinamjali mtazamaji: kinashughulika kutwa kucha na namna Mwafrika anavyotazama picha, anachokielewa na asichokielewa. Lakini mtazamaji huyo ni kitu cha kuchunguzwa. Haulizwi angependa kuona nini, anapimwa. Kwa hiyo haitoshi kitabu kumtaja mtazamaji. Lazima kimheshimu kama mtu anayejua.

Baada ya Uhuru, mwaka 1968, lilianzishwa Shirika la Filamu Tanzania, na katika miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge, filamu iliyotumia hadithi kueleza siasa ya vijiji vya ujamaa. Mwaka 1985 ikatoka Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng’oge na Ron Mulvihill, iliyothubutu kuleta tiba ya jadi mbele ya kamera bila kuidhihaki. Kisha, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaja filamu za video za Kiswahili, nyingi kwa wingi wa ajabu, zikauzwa masokoni na kuvuka mipaka hadi Kenya na Kongo.

Lawama iliyozoeleka juu ya filamu hizo za video ni kwamba nyingi zilipigwa bila mswada kamili. Wachezaji walipewa muhtasari wa tukio, wakajitungia maneno papo hapo. Wahakiki wengi wameliita jambo hilo ujinga. Mimi siliiti hivyo. Kutunga papo hapo ni sanaa yenye ukoo mrefu kwetu. Vichekesho vilivyochezwa tangu wakati wa ukoloni, na maigizo ya vikundi vya utamaduni vya Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, vilitungwa kwa njia hiyo, na watu walijaa kumbini.

Tofauti iko wapi basi? Iko katika kile kitu cha nne. Mchezaji wa kichekesho anatunga mbele ya watu. Akirefusha, watu wanaanza kuzungumza, akikosea, wanazomea, akipatia, wanamtuza. Watazamaji ndio wanaomhariri. Kamera haicheki wala haizomei. Mchezaji anayetunga mbele ya kamera anatunga gizani, na ndiyo sababu mazungumzo yanarefuka, mtu anashuka garini na kutembea hadi mlangoni kwa dakika mbili nzima, na ugomvi unasemwa mara tatu. Kwa hiyo katika filamu mswada si urasimu, wala si kuwaiga Wamarekani. Mswada ndio mtazamaji wa kwanza. Ndipo mahali ambapo mtunzi analazimika kumfikiria mtu ambaye hayupo, na kumuuliza mapema: umechoka? Umeelewa? Unataka kujua nini sasa?

Redio imetupa ushahidi. Mchezo wa Twende na Wakati, uliotangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kuanzia mwaka 1993, ulikuwa wa kuandikwa, tena kwa mpango, sehemu baada ya sehemu, ukieleza uzazi wa majira na hatari ya UKIMWI. Msikilizaji wa redio hayupo machoni pa mchezaji, wala mchezaji hayupo machoni pa msikilizaji. Kila kitu, hata kufungwa kwa mlango, sharti kiandikwe ili kisikike. Wasikilizaji walifuatana na wahusika wake miaka kwa miaka. Hatuwezi kusema, basi, kwamba Mswahili hawezi au hapendi kuandika mswada. Anaweza, akipewa njia na sababu.

Deni la lugha

Lipo jambo la mwisho, nalo linawahusu walimu hasa. Tasnifu ya Hussein iliandikwa kwa Kiingereza. Utafiti wa Amandina Lihamba juu ya siasa na thieta katika Tanzania baada ya Azimio la Arusha, wa mwaka 1985, uliandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha Penina Muhando Mlama juu ya utamaduni na maendeleo, cha mwaka 1991, ambacho kinaeleza jinsi wanavijiji wanavyoweza kutunga maonyesho juu ya matatizo yao wenyewe, nacho ni cha Kiingereza. Zipo sababu za kueleweka: vyuo vikuu vina lugha zake, na dunia ya wasomi inayo masharti yake. Lakini tazama matokeo. Watunzi wetu wameandika tamthiliya kwa Kiswahili, na fikra nzito juu ya tamthiliya hizo zimehifadhiwa katika lugha nyingine. Mwanafunzi anapata chakula, na namna ya kukipika imeandikwa kwa lugha asiyoitumia jikoni.

Mtu asiseme kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare, akatupa Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, aliionyesha lugha hii ikibeba hila za baraza la Roma na hoja za mahakama ya Venisi. Lugha iliyoweza hayo haiwezi kushindwa kueleza namna ya kuandika onyesho la dakika tano.

Hitimisho

Tumeona kwamba Aristotle anatufundisha kuuheshimu msuko, Brecht anatufundisha kumwamsha mtazamaji, na Field anatufundisha kuuhesabu muda. Tumeona kwamba Muhando na Balisidya wametupa msingi ulio imara kuliko tunavyoutumia. Tumeona pia kwamba tamthiliya zetu wenyewe, zikisomwa kwa jicho la fundi, ni shule ya utunzi.

Kinachotakiwa sasa ni kitabu cha Kiswahili, cha bei inayowezekana, kitakachoanza na vile vitu vinne na kuvifanyia kazi: jinsi ya kuchagua jambo la kutendwa, jinsi ya kumpa mtendaji kitu cha kufanya na si cha kusema tu, jinsi ya kuutumia uwanja uliopo, na jinsi ya kumfikiria mtazamaji aliyepo ukumbini, asiyeonekana redioni, na atakayekuja kesho mbele ya kioo cha televisheni. Mazoezi yake yatokane na Nguzo Mama na Ngoswe, na ngano zinazosimuliwa nyumbani kwa mwanafunzi, kabla hayajatokana na Hollywood. Na waandishi wake wawe watu waliowahi kusimama mbele ya watu wakasahau maneno.

Lakini mwalimu asikingoje kitabu hicho. Kesho asubuhi, kabla ya kuandika dhamira ubaoni, na awaite wanafunzi wawili mbele, awape ukurasa mmoja wa mazungumzo, awaache wenzao watazame. Pengine mmoja atanyamaza katikati ya mstari na kuuliza kama amtazame mwenzake au asimtazame. Akiuliza hivyo, mwalimu asimjibu upesi. Na aligeuzie darasa swali hilo.